Mama alishuhudia kwamba amepona, na ofisi ikamwamini

Habari zenu wakuu.

Kwanza naomba radhi kwa tahajia. Shule yangu iliishia darasa la sita, kambini Kigoma, na naandika polepole sana. Hii niliandika kwanza kwa kalamu nyuma ya makaratasi ya kazini, muda wa mapumziko. Mwandiko wangu ni mbaya, kuna sehemu mimi mwenyewe zilinishinda kusoma. Mdogo wangu Neema ndiye amenichapia. Kiswahili chake ni cha kusikia tu, kwa hiyo mkiona makosa, tumekosea wawili.

Ninayosimulia yametokea nyumbani kwetu hapa Sydney. Sijaongeza kitu. Kama kuna mahali nimepunguza, ni kwa sababu ni mama yangu.

Mimi si mtu wa kuongea. Humu huwa nasoma tu nyuzi zenu na kutoka kimya kimya. Mnivumilie.

Tunaishi Fairfield, watatu: mama, mimi na Neema ambaye ana miaka kumi na mitano. Baba alibaki Kongo, kaburini. Mama ana jina lake, lakini hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Mama Furaha, kwa sababu ya dada yetu mkubwa.

Dada Furaha hakuja nasi. Alikuwa ameshaolewa kule kambini, faili lao la kuhamia huku lilikuwa peke yake, likakwama. Mwaka jana alifariki akijifungua. Habari ilikuja kwa simu, mama akiwa jikoni anachambua sombe, kisamvu chetu. Aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha, halafu akachambua na vijiti.

Baada ya matanga mama alibadilika.

Anapika, halafu anasahau kama amepika. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika kiatu kimoja, unarudi baadaye bado amekishika. Usingizi ukaondoka kabisa. Na kila mtu akimsalimia, "Mama Furaha, habari yako?", namwona usoni jinsi lile jina linavyoingia.

Alikuwa na kazi ya usafi, akashindwa kuendelea. Akaanza kupokea hela za msaada wa serikali, zile za mtu asiye na kazi.

Kwa mlio mbali, hizi hela zina masharti. Lazima uombe kazi, uende kwenye appointment za wakala wa kazi, ukusanye points kila mwezi kwenye simu. Ukikosa, hela inasimama. Lakini daktari akiandika cheti kwamba unaumwa, masharti yanawekwa pembeni mpaka cheti kiishe. Mama alipewa hicho cheti. Daktari aliandika kwamba ana ugonjwa wa huzuni nzito. Sisi nyumbani tulisema tu mama amechoka.

Kambini kulikuwa na siku ya mgao. Unapanga foleni juani, unapewa unga na mafuta, unaondoka. Kulikuwa na vumbi na matusi, ila hakuna aliyekuuliza moyo wako unaendeleaje. Hapa wanauliza. Na jibu lako linapimwa.

Sasa niwaambie kuhusu kanisa, maana bila hilo hamtaelewa.

Tunasali Doonside, kwenye ukumbi wa shule wa kukodi. Tunapanda treni, tunabadilisha Blacktown. Wengi ni Wakongo wenzetu na Warundi. Mama yuko kwaya ya akina mama, na yeye ndiye mwenye kuanzisha nyimbo. Sauti yake inaanza peke yake, chini, halafu wenzake wanaingia. Nimesikia wageni wakiuliza, "Yule mama wa pembeni ni nani?"

Kwetu mtu akishaombewa hasemi tena "bado naumwa". Ukisema hivyo ni kama umemrudishia Mungu zawadi yake mlangoni. Unakiri kwanza kwa mdomo kwamba umepona, mwili utafuata nyuma. Mtu anaweza kusimama mbele na homa yake akasema "nimepona", kanisa zima likapiga makofi, na hakuna anayeona amedanganya. Ni kama kumwandalia mgeni kiti kabla hajafika.

Mama alifunga. Akaombewa. Jumapili moja Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, mama akasimama na kitenge chake cha kwaya.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Mnajua nilichopitia. Leo nasema mbele yenu, nimepona. Ile huzuni ilikuwa kubwa, lakini ina mwenyewe, na nimemrudishia mwenyewe."

Vigelegele vilipigwa. Mpiga kinanda alishindwa kujizuia. Kwenye treni ya kurudi mama alikula maandazi mawili na kumcheka Neema nywele zake. Nilifurahi sana wakuu. Nilidhani mgeni amefika kweli.

Siku chache baadaye simu ikapigwa, private number. Ilikuwa ofisi ya msaada. Cheti cha daktari kilikuwa karibu kuisha, wakataka kumfanyia tathmini. Mama akaweka simu mezani kwa sauti kubwa, sisi tumekaa naye. Kulikuwa na mwanamke mzungu anayeuliza na mkalimani mwanaume, kwa lafudhi nadhani Mkenya.

Mkalimani akasema, "Anauliza, kwa sasa kuna ugonjwa wowote unaokuzuia kufanya kazi?"

Mama akanitazama, akatabasamu. "Sina ugonjwa. Nilikuwa nao. Bwana ameniponya."

"Mama, nitafsiri hivyo hivyo?"

"Tafsiri hivyo hivyo."

"Anauliza kama unalala vizuri."

"Nalala katika amani ya Bwana."

Usiku uliopita alikuwa amezunguka nyumba nzima akipanga na kupangua vikombe. Neema akatikisa kichwa, akanong'ona, "Mum, no." Neema anaelewa kila neno la mama, ila majibu yake ni ya Kiingereza. Mama akamwekea kidole mdomoni.

"Anauliza, kuna siku unaona maisha hayana maana?"

"Shetani ameshindwa."

 Mkalimani akasema neno moja kwa Kiingereza. Baadaye nilimwuliza Neema alitafsiri vipi. Neema akajibu, "He just said no."

Yule mwanamke alifurahi, hilo nilielewa hata mimi. Akampongeza mama. Simu ilipokatika mama akafuta meza kwa kiganja, akasema, "Umeona, Baba? Hata serikali nimeishuhudia."

Ananiita Baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Ujumbe ukaja kwamba anaweza kufanya kazi na masharti yote yanarudi. Wakala wake wa kazi akawa hapa hapa Fairfield, si mbali na stesheni.

Mama hajui kusoma. Kuomba kazi kwa simu kukawa kazi yangu na Neema, tukipokezana. Tuliomba chochote kilichojitokeza, ili points zitimie. Tumemwombea mama kazi ya kuendesha forklift. Tumemwombea kazi kwa daktari wa meno.

Jioni moja akaniuliza, "Leo nimeomba kazi gani?"

"Kufundisha watu kuogelea."

Mama hata beseni la maji analiogopa. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wakinichukua nitawafundisha kuzama."

Tulicheka wote watatu. Nalikumbuka lile cheko kwa sababu halikurudi.

Wakala akampeleka kwenye mafunzo ya kuandika CV. Mtu asiyejua kusoma, siku nzima kwenye chumba cha kompyuta. Binti aliyemhudumia pale kwa wakala hakuwa mbaya, alikuwa na tabasamu na alimletea chai. Lakini kila mara alianza kwa kumwuliza anaendeleaje, na mama kila mara alijibu, "Niko muzima, asante Yesu." Binti akaandika kwenye kompyuta kwamba yuko mzima.

Mama akaanza kuogopa simu. Ikilia tu, anashika kifua. Kama sipo, ujumbe anaukalia mpaka nirudi kutoka kazini Smithfield, na nikifika mlangoni sijavua hata viatu ananiwekea simu mkononi. "Soma. Wamesema nini? Wamekata?" Mara nyingi ni tangazo la duka.

Siku ya appointment haweki kitu tumboni tangu asubuhi. Anavaa mapema, anakaa sebuleni na mkoba magotini kama mtu anayesubiri kusafirishwa.  Kufunga vifungo vya blauzi ikawa kazi ya Neema kabla ya kwenda shule.

Ile huzuni ilirudi, na ilirudi na wenzake.

Nikimwambia, "Mama, twende kwa daktari akuandikie tena," ananikatiza.

"Nikamwambie nini?"

"Umwambie unaumwa."

"Nimeshasema nimepona. Mbele ya Mungu na watu."

Tulimpeleka hata hivyo. Daktari ana maswali yake ya kwenye karatasi, anataka kujua ni mara ngapi umekata tamaa, mara ngapi umejiona huna thamani. Mama akajibu yote "hata siku moja". Mimi nikafungua mdomo niseme ukweli, akanifinya mkono chini ya kiti. Daktari alinitazama. Nikatazama viatu vyangu. Cheti hakikuandikwa.

Nikamtumia Mchungaji ujumbe, maana kumpigia nisingeweza. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Akaja na mkewe, wakala ugali na sombe pamoja nasi. Si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alimwambia mama kwa upole, "Mama Furaha, mambo ya serikali yana lugha yake. Kwao sema unachoona. Kwa Mungu sema unachoamini."

Mama akamwuliza, "Mchungaji, mimi nina midomo mingapi?"

 Mkewe akasema tuombe, tukaomba.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwa kazini. Naingiza mizigo kwenye ghala, simu hairuhusiwi, ila msimamizi wetu Mwiraki anajua hali ya nyumbani, huwa ananiacha niiweke mfukoni. Ikatetemeka. Ilikuwa namba ya mama. Nikapokea, sauti ikawa ya mwanaume, ya Kiingereza.

Alikuwa mfanyakazi wa stesheni ya Fairfield. Alisema mama yangu amekaa pale kwenye jukwaa tangu asubuhi na hapandi treni yoyote. Amemwuliza anakwenda wapi, mama akasema "son, son", akampa simu.

Msimamizi alinitazama tu usoni, akaniambia nenda.

Nilimkuta mama kwenye benchi, mkoba magotini, amevaa viatu vya kanisani. Siku ile alikuwa na appointment. Ofisi iko upande wa pili wa barabara, hata kupanda treni hakuhitaji. Yule mfanyakazi, mzee mwenye fulana ya rangi ya chungwa, alikuwa amekaa naye benchi moja. Alikuwa amekaa upande wa reli, mama upande wa ukuta. Hilo niliona baadaye nilipokuwa nafikiri nyumbani.

Mama akasema, "Baba, nilitaka kwenda. Miguu ilikataa."

Nikakaa chini mbele yake.

"Kuna ile treni isiyosimama," akasema. "Inapita na upepo mkubwa. Nimekaa naisikiliza."

Nilielewa. Sikumwuliza zaidi.

Mimi si mtu wa kuongea, nimeshawaambia. Lakini pale nilisema. Nilisema, "Mama, naogopa." Sijawahi kumwambia hivyo, hata siku tulipokimbia, hata siku ya habari ya dada. Akanitazama muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Akanishika kichwa.

Yule mzee wa stesheni akatutolea chupa ya maji, akatusindikiza mpaka kwenye lifti. Jina lake sikuuliza. Kama angekuwa anasoma Kiswahili ningemwandikia uzi wake peke yake.

Asubuhi yake ujumbe ulikuja. Amekosa appointment, hela imesimamishwa. Mama hakushika kifua safari hii. Alisema tu, "Wapo sawa. Si nimepona?" Halafu akaingia kuoga, akatoka amevaa, akasema, "Twende kwa daktari."

Kwa daktari mkalimani wa simu alikuwa mwanamke, na kwa kumsikia tu nilijua ni wa kwetu, wa upande wa Uvira au Fizi. Daktari akaanza kusoma maswali yake. Mama akainua mkono kumsimamisha.

"Daktari, miye ni mgonjwa. Niliambia watu nimepona. Sijapona."



Kisha yule mkalimani akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Pole, mama." Nasikia hawaruhusiwi kuongeza neno lao. Halafu akatafsiri.

Mama alieleza yote. Vikombe, usingizi, stesheni. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayetoa vitu vyake mfukoni kimoja kimoja mbele ya askari. Mimi na Neema tulikaa ukutani, Neema amenishika mkono wa shati.

Cheti kiliandikwa. Daktari akampa na dawa, na mtu wa kuongea naye kila wiki. Hela ikarudi baada ya siku kadhaa. Masharti yamewekwa tena pembeni.

Mnadhani imeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Jumamosi iliyofuata mama alifua kitenge cha kwaya. Akakipiga pasi vizuri, akakikunja. Jumapili tukafika Doonside, akaenda moja kwa moja kwa mke wa Mchungaji, akamkabidhi.

"Mama Furaha, hii ya nini?"

"Nimeurudisha nyuma ushuhuda wangu. Siwezi kusimama mbele."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna."

Na kweli hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemsema vibaya, walimbembeleza hata. Akaenda kukaa mstari wa mwisho karibu na mlango, pale wanapokaa wenye watoto wachanga. Wimbo ukaanzishwa na mama mwingine. Aliuanzisha juu mno, wenzake wakashindwa kuufikia, ukafa katikati. Mama alitazama mikono yake.

Tangu siku hiyo haimbi.

Sasa nilichojifunza. Ni kidogo, na pengine wengi wenu mnakijua.

Kama mzazi wako anapokea hizi hela na cheti kinakaribia kuisha, usimwache na ile simu peke yake, hata kama anajua kujieleza. Mtu wetu akiulizwa anaendeleaje na mgeni, atasema salama. Ndivyo tulivyofundishwa. Na aliyeombewa atasema amepona. Mwambieni daktari mapema kwamba kwetu mtu husema hivyo. Mkalimani hatamwambia, kazi yake ni maneno tu. Ukiwa na aibu kama mimi, andika kwenye karatasi umpe mkononi. Hilo nimegundua linawezekana.

Lakini kuna jambo sina jibu lake, na ndilo limenifanya niandike.

Cheti kina mwisho. Kikiisha mama anarudi pale, anasema tena kwa mdomo wake kwamba ni mgonjwa. Ameshasema mara mbili zaidi tangu siku ile. Kila akitoka anakuwa mdogo. Dawa zinasaidia, analala, hilo siwezi kukataa. Ila yule wa kuongea naye anamwambia ajitahidi aone nafuu, na ofisi inamwambia akiona nafuu atoe taarifa. Mama amesikia yote mawili. Hataki tena nafuu. Anaiogopa.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini mchana, nikaingia bila kubisha. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki. Nikasikia sauti yake. Chini, peke yake, vile anavyoanzaga. Ulikuwa ule wimbo wa Jumapili ya ushuhuda.

Nilisimama kwenye korido, nikavua kofia. Sikutaka hata kupumua.

Akageuka kuchukua chumvi, akaniona. Akanyamaza hapo hapo. Akatazama simu iliyokuwa mezani, akaichukua, akaifunika kwa sufuria.

Halafu akaniuliza kwa kunong'ona, "Baba, wamesikia?"

Wakuu, nilimwambia hapana. Ila hakuendelea.

Kama kuna mtu humu mzazi wake amepita njia hii, huko mliko au hapa Sydney, naomba aniandikie. Mlimfanya vipi akaimba tena? Nasoma polepole, lakini nitasoma kila mtakachoandika.